Cheti cha uzamili cha sayansi ya utambuzi: kwa nini kimewekwa faili moja na semina ya huduma ya kwanza?

#1 MwalimuWanale (Mbale)
Habari zenu wakubwa na wadogo.

Nimemaliza. Miezi kumi na sita, kozi nne, krediti 12, chuo cha Marekani, yote kwa mtandao. Karatasi ilipofika niliipeleka kwa afisa utumishi pamoja na barua ya kuomba ifikiriwe kwenye kupandishwa cheo. Akaisoma mbele yangu, kidole kikifuata neno kwa neno. Alipofika kwenye jina la somo, kidole kikasimama.

"Hii ni ya wagonjwa wa akili?"

Nikasema hapana mzee, ni sayansi ya utambuzi: jinsi akili inavyojua vitu, inavyokumbuka, inavyotumia lugha. Akaitikia kwa kichwa. Akafungua faili langu, akachukua mashine ya kutoboa, akakitoboa cheti matundu mawili, tap! Kisha akakipachika nyuma ya karatasi ya semina ya huduma ya kwanza ya siku mbili niliyohudhuria miaka sita iliyopita.

Swali langu si la kulalamika. Nataka kujua kwa nini. Kosa ni la cheti, la jina, la ofisi, au ni langu? Mwenye uzoefu aseme.

#2 MkiaWaMbuzi
Pole mwalimu. Shukuru hakikuwekwa chini ya kikombe cha chai.

#3 Hajati_Bombo
Subiri kwanza. Ametoboa halisi? Wewe ulimpa halisi ya nini, mwanangu?

#4 MwalimuWanale
Shikamoo Hajati. Nilimpa zote mbili, halisi aione na nakala aihifadhi. Akatoboa halisi, nakala akanirudishia.

#5 Hajati_Bombo
Marahaba. Sasa hata sijui nicheke au nilie.

#6 KijanaWandegeya
Mwalimu, mimi nasema tatizo ni jina. Uingereza kuna vyeti viwili ambavyo sisi kwa Kiswahili tunaviita jina moja, "cheti cha uzamili". Kimoja (graduate certificate) humtaka mtu awe na shahada, lakini masomo yenyewe ni ya ngazi ya 6, yaani ngazi ileile ya mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Kingine (postgraduate certificate) ni cha ngazi ya 7, ngazi ya uzamili hasa. Kwenye karatasi tofauti ni kiambishi tu, "post", mbele ya neno. Marekani hawatumii hizo ngazi: cheti cha jina lile la kwanza kinaundwa kwa kozi za uzamili. Australia kiko ngazi ya 8 ya mfumo wao, juu ya shahada ya kawaida. Jina moja, nchi tatu, maana tatu. Afisa aliyezoea vyeti vya Uingereza atakishusha cha Mmarekani bila kuwa na nia mbaya.

#7 AfisaWilaya
Naongea kama mtu wa upande wa pili wa meza, si ofisi hiyo wala wilaya hiyo.

Kijana anatuheshimu mno. Hatufiki hata kwenye ngazi ya 6 na 7. Fomu ninayojaza mimi ina shahada, stashahada ya uzamili, shahada ya uzamili, uzamivu. Cheti chochote ambacho si mojawapo ya hizo huingia kwenye "mafunzo mengine". Na huko ndiko iliko semina ya huduma ya kwanza. Hakuna aliyemdharau mwalimu, kisanduku chake ndicho hakipo.

Lile la kutoboa sitalitetea.

#8 MkiaWaMbuzi
Nyie wote mnazunguka. Someni tena jina la cheti: SAYANSI ya utambuzi. Mwalimu wa Kiswahili, mtu wa sanaa, anapeleka karatasi iliyoandikwa sayansi, Uganda hii, baada ya 2022! Mnakumbuka walimu wa sayansi wenye shahada walivyopandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wa sanaa wakabaki karibu na milioni moja, ndipo ukaja ule mgomo wa Juni? Afisa aliona mtu anapenya kwa mlango wa nyuma, akamtoboa.

#9 MwalimuWanale
Nimecheka hadi watoto wameamka. Naapa sikuwa na wazo hilo.

#10 AfisaWilaya
Unacheka, lakini nimewahi kupokea barua ya namna hiyo. Mtu wa jiografia, cheti cha "sayansi ya taarifa za ardhi". Aliomba waziwazi.

#11 MwalimuWanale
Afisa, basi nikiri. Kwenye barua yangu neno sayansi liko kwa herufi kubwa. Lilikuwa kichwa cha habari tu!

#12 MkiaWaMbuzi
Kesi imekwisha. Uzi ufungwe.

#13 Mwalimu_wa_Kambi (Nakivale)
Haujaisha. Ninyi mnaongea kama vile cheti kina kwao. Mimi nilikuja na diploma ya Kongo, nikakaa nayo ndani ya mfuko wa plastiki kwa miaka, kila shule inasema nzuri lakini hatuijui. Hapa Uganda mwenye neno juu ya karatasi ya nje ni Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu, NCHE, lile la sheria ya 2001. Wao ndio wanailinganisha na za hapa. Ukienda kwa afisa kabla ya Baraza, unamuomba afisa afanye kazi isiyo yake. Kosa ni mpangilio wa safari, dada.

#14 KijanaWandegeya
Naongeza hoja ya krediti. Afisa akiona "12" anafikiri ni kidogo. Cheti cha Uingereza cha aina hii kina krediti 60. Kwa hiyo cha mwalimu ni sehemu ya tano tu ya...

#15 Mhesabu
Hapana kijana, hapo umeteleza. Huwezi kuweka 12 na 60 kwenye mizani moja. Krediti ya Uingereza ni saa 10 za kujifunza kwa jumla, darasani na nje, hivyo 60 ni saa 600. Krediti ya Marekani kwa kawaida ni saa moja ya darasa kwa wiki na mbili za kusoma mwenyewe, kwa wiki kama 15. Hiyo ni 45. Zidisha kwa 12 upate 540. Tofauti ni saa sitini, si mara tano. Na krediti yetu ya NCHE ni saa 15 za darasani, kwa hiyo 12 ya mwalimu hapa inabaki 12.

#16 KijanaWandegeya
Nimekubali, nimefuta kauli. Asante Mhesabu.

#17 MzeeKalamu
Niingie kidogo na suala la lugha. Nilikuwa jeshini miaka mingi, Kiswahili ni mkate wangu. "Utambuzi" kwetu ni gwaride la utambuzi: washukiwa wanapangwa mstari, shahidi anaonyesha kidole. Ukiniambia sayansi ya utambuzi nafikiri alama za vidole. Kwa nini msiseme sayansi ya akili?

#18 MwalimuWanale
Kwa sababu, Mzee wangu, ukisema sayansi ya akili ndipo unaulizwa kama ni ya wagonjwa wa akili. Nimejaribu zote mbili. Utambuzi unanipeleka polisi, akili inanipeleka hospitali.

#19 MzeeKalamu
Basi chagua hospitali, kuna vitanda. Halafu msianze hapa ile vita ya kwamba AI ya kompyuta iitwe akili unde au akili mnemba, nawaona.

#20 KijanaWandegeya
Akili unde.

#21 DerevaMalaba
Akili mnemba. Mzee amewasha moto mwenyewe.

Lakini mwalimu, hujatuambia. Kitoboe, kisitobolewe, ulijifunza nini humo? Mimi niko kwenye foleni ya malori hapa, nina muda.

#22 MwalimuWanale
Swali zuri kuliko langu. Kwa ufupi somo lenyewe ni mseto: saikolojia, isimu, falsafa, neva za ubongo, antropolojia na kompyuta, vimekaa meza moja. Wenyewe hupenda kuhesabu mwanzo wake Septemba 1956, kongamano la chuo cha MIT, ambapo wataalamu wa kompyuta, wa lugha na wa kumbukumbu walizungumza siku moja. Mwaka huohuo George Miller alichapisha makala yake kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu saba hivi, ongeza mbili au punguza mbili.

Kazi yangu ya mwisho ilitoka stendi ya Mbale. Nilikuwa nasubiri basi karibu na kibanda cha wakala wa pesa za simu. Mama mmoja anaongea Lugisu na mwenzake, kwa wakala anaongea Kiswahili. Wakala akasema taja namba. Mama akafumba macho: "Ziro seveni seveni tuu..." hadi mwisho, kisha akafumbua macho akarudi kwenye Kiswahili. Nikakaa saa nzima pale. Waganda, Wagisu, Wateso, hata yule mzee Msomali wa duka la nguo: lugha kumi, namba za simu zote kwa Kiingereza.

Nikajiuliza kwa nini. Nikapata utafiti wa Wales wa 1980, wa Ellis na Hennelly. Watu wanaojua Kiwelisi na Kiingereza walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi, kwa sababu kuzitaja kwa Kiwelisi kunachukua muda mrefu zaidi. Kabla yao, 1975, Baddeley na wenzake walionyesha kwamba kichwani tunashika kiasi tunachoweza kutamka kwa sekunde mbili hivi. Sasa hesabu silabi: mbi-li, si-fu-ri, ta-tu, sa-ba. Kiingereza karibu zote ni silabi moja, isipokuwa sifuri na saba. Namba yetu ya simu ina tarakimu kumi. Kwa Kiswahili ni silabi ishirini na kitu, kwa Kiingereza kumi na tatu hivi. Luganda ndiyo kabisa: mukaaga, musanvu, munaana.

Hoja yangu ikawa: tunahamia Kiingereza kwa sababu kichwa ni kidogo na maneno yetu ni marefu. Nikapata alama nzuri.

#23 WakalaJinja
Mimi ndiye huyo wa kibandani, ila wa Jinja. Alichosema mwalimu ni kweli tupu. Mteja akinisomea "sifuri saba saba" kalamu yangu inasita. Akisema "dabo seveni" mkono unaandika wenyewe. Mkono, si kichwa.

Mimi lakini sidhani ni urefu. Ni mpangilio. Nne, tatu, tatu. Tunazisoma kwa mapigo hayo, kama ngoma. Mtu akinitajia tano kisha tano, hata kwa Kiingereza, napotea.

#24 DerevaMalaba
Mwalimu, pole, hoja yako inaanguka Mutukula. Nimeingia Tanzania na lori zaidi ya mara mia. Watu wale wanataja namba kwa Kiswahili, haraka, bila kufumba macho. Maneno ni yaleyale, urefu uleule. Kwa nini vichwa vyao havijai?

#25 Mhesabu
Kwa sababu walihesabu kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba. Sisi hesabu ni Kiingereza. Mtaala wa 2007 uliweka lugha ya mama hadi la tatu, la nne unavuka kwenda Kiingereza, na shule nyingi za mjini zilivuka tangu chekechea. Namba inakaa kwa lugha uliyochapiwa fimbo nayo.

#26 Mwalimu_wa_Kambi
Hapo ndipo niingie na sisi wa Kongo. Mimi ninaongea Kiswahili tangu tumboni, na namba ya simu ninataja kwa Kifaransa. Namba ikianza na 081, hiyo themanini na moja yetu ni "quatre-vingt-un". Hesabuni silabi. Nne! Na "nane moja" ni ngapi? Nne! Sipati faida hata ya silabi moja, na bado Kiswahili hakinijii. Kwa hiyo urefu si sababu. Mhesabu ana haki, ni shule.

#27 MwalimuWanale
Ndugu yangu wa Nakivale, ungekuwa msimamizi wangu nisingepata ile alama.

Lakini najitetea. Kwanza, silabi si muda. Kinachopimwa ni sekunde, na Mfaransa anaimeza ile "katr". Pili, kwako themanini na moja ni kitu kimoja, mimi "nane, moja" ni vitu viwili. Unabeba mizigo mitano, mimi kumi. Nelson Cowan, 2001, anasema nafasi halisi si saba, ni karibu nne, tukishazuia mtu asikusanye vitu mafungu. Kwa hiyo ufundi wote ni wa kufunga mafungu.

#28 WakalaJinja
Nilisema mpangilio!

#29 DerevaMalaba
Bado hujajibu Mutukula.

#30 NesiZamu (Gulu)
Nyote mmesahau aibu. Hapa wodini mgonjwa akinitajia namba kwa Kiacholi kuna mtu atageuka kumtazama. Namba kwa Kiingereza inaonyesha ulisoma hata kama uliishia la tatu. Hata mamangu, ambaye hakukanyaga shule, anasema "ziro seveni". Nani alimchapa fimbo? Hakuna. Alisikia redioni, kwenye matangazo.

#31 Mhesabu
Mamako ameniumbua. Nafikiri.

#32 MzeeKalamu
Jeshini tulihesabu kwa Kiswahili, kushoto kulia, moja mbili. Namba ya simu nataja kwa Kiingereza. Namba yangu ya jeshi, niliyopewa nikiwa kijana, mpaka leo ukiniamsha usiku nitaitaja kwa Kiswahili. Hapo mtanieleza nini?

#33 Hajati_Bombo
Mzee kanikumbusha. Mwalimu, huko kwenye falsafa yenu mlisoma nini kuhusu kukariri? Mimi nilihifadhi Juzuu Amma nikiwa na miaka minane, hapa Bombo. Kinubi nakijua, kina maneno mengi ya Kiarabu, lakini Kiarabu cha Msahafu sikuelewa hata aya. Nilisoma bila kukosea irabu. Ustadhi alilia kwa furaha. Je, nilijua au sikujua?

#34 MwalimuWanale
Hajati, ndilo swali lililoninyima usingizi kuliko yote. John Searle, 1980, alitoa mfano wa mtu aliyefungiwa chumbani asiyejua Kichina. Ana kitabu cha kanuni: ukiona alama hii toa ile. Anapokea maswali ya Kichina chini ya mlango, anatoa majibu sahihi, walio nje wanadhani ndani kuna Mchina. Searle anasema yule haelewi chochote, na kompyuta vilevile. Wengine wakamjibu kwamba mtu peke yake haelewi, ila chumba kizima pamoja na kitabu kinaelewa.

Nilipoisoma niliwaza kidato cha kwanza changu. Tangu mtaala wa 2020 Kiswahili ni lazima kidato cha kwanza na cha pili, nina mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kigugumizi, maana Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Ukifunga kitabu ukimuuliza nani aliyeibiwa mbuzi, kimya. Yeye ni chumba cha Kichina chenye sare.

#35 Hajati_Bombo
Mfano wa huyo bwana sijaupenda. Mimi sikuwa chumba. Nilijua ni maneno ya Mwenyezi Mungu, nilijua wapi pa kusita na wapi pa kuvuta, nilijua sura ipi husomwa kukiwa na msiba. Maana ya maneno ilikuja nikiwa na miaka thelathini, ikakuta nyumba imeshajengwa. Mtu wa chumbani yeye hajui hata kama anachoshika ni lugha.

#36 KijanaWandegeya
Hajati, hilo ni jibu halisi na kuna waliolitoa kwa kurasa mia mbili.

#37 MkiaWaMbuzi
Mpeni Hajati krediti 12. Bila kutoboa.

#38 Mtooro_Fundi (Fort Portal)
Nimepita tu. Mnajua hata sisi tumo kwenye vitabu hivyo? Ile michoro ya mistari miwili iliyo sawa, mmoja una mishale ya kuingia na mwingine ya kutoka, unaona mmoja mrefu. Segall, Campbell na Herskovits, 1966, walipima watu wa jamii nyingi duniani, na Ankole na Tooro walikuwemo. Nadharia yao: aliyekulia kwenye nyumba za pembe mraba hudanganyika zaidi kuliko wa nyumba za mviringo. Mimi ni mwashi, nimejenga pembe maisha yangu yote. Binti yangu alinionyesha kwenye simu, nikadanganyika vibaya. Babu yangu wa nyumba ya msonge sijui angeonaje.

#39 Mhesabu
Kulikuwa na mpinzani, Pollack, aliyesema si nyumba, ni rangi ndani ya jicho, kwamba macho yenye rangi nzito huona kingo za mistari kwa namna nyingine. Na yule mama wa viambatano vya mtoto na mzazi, Ainsworth, aliyefanya kazi yake Kenya...

#40 NesiZamu
UGANDA! Msituibie. Mary Ainsworth alikuwa Makerere 1954 na 1955, akitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, anakaa sebuleni anatazama nani analia mama akitoka na nani hajali. Kitabu kilitoka 1967 na jina la nchi yetu liko kwenye jalada. Kile kipimo cha mtoto kuachwa na mgeni alikitengeneza baadaye, Baltimore, lakini macho aliyapatia hapa. Tulifundishwa uuguzi wa watoto.

#41 Mhesabu
Nimesahihishwa mara ya pili leo. Naenda kula rolex, chapati yangu ya mayai.

#42 MwalimuWanale
Na kuna Wober, naye alifanya kazi hapa, aliandika 1974 kuhusu dhana ya Kiganda ya obugezi, yaani akili. Wanakijiji walihusisha obugezi na polepole, na mtu mtulivu anayepima neno. Nilisoma makala hiyo wiki ileile ambayo kozi nyingine ilinipima kwa kubonyeza kitufe, matokeo kwa sehemu za elfu za sekunde. Nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Nikamwandikia mkufunzi: kwa viwango vya Buganda, mimi ndiye nimeshinda. Alicheka, alama hakubadilisha.

#43 NesiZamu
Sasa mwalimu, kwa sisi tunaotamani. Gharama na usingizi?

#44 MwalimuWanale
Pesa: mkopo wa sako, bado nalipa. Sitaji kiasi, mume wangu husoma humu.

Usingizi: darasa la saa kumi na mbili jioni kwao ni saa nane za usiku kwetu. Machi wakasogeza saa zao mbele, mimi sikujua. Nikaingia saa nane kamili, nimenawa uso, nimejifunga kitenge, nakuta wanaagana. Umeme ulikatika siku ya mtihani wa takwimu, nikaufanyia kituo cha mafuta chenye jenereta, kwenye benchi la waendesha boda. Mmoja alinishikia mwavuli saa nzima asijue ni wa nini. Akaniuliza, "Nyabo, unacheza bahati nasibu?"

Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilinitoa machozi. Falsafa nilidhani itanishinda, ndiyo niliyoipenda.

#45 NesiZamu
Na kama afisa asingekitoboa, ungesema kimelipa?

#46 MwalimuWanale
Siku zinatofautiana. Mshahara ni uleule. Lakini yule mtoto wa hadithi ya mbuzi aliyeibiwa, nilizoea kumwita mvivu. Sasa namkatia ukurasa vipande vitatu, kila kipande anisimulie kwa Lugisu kabla ya kuendelea. Wiki ya tatu alijua mbuzi ni wa nani. Jina la mwizi bado.

#47 AfisaWilaya
Yote mazuri, lakini uzi ulianza na faili. Umerudi ofisini?

#48 MwalimuWanale (siku tisa baadaye)
Nimerudi leo. Aliyetoboa yuko likizo. Aliyekaimu, dada mpole, amekitoa nyuma ya semina, akakiweka peke yake ndani ya bahasha, na juu ameandika kwa penseli "subiri". Anataka barua ya ulinganisho kutoka Baraza. Nikamuuliza, je, wakinilinganisha, kitahesabika? Akasema hajui, hajawahi kuona kimoja.

#49 Mwalimu_wa_Kambi
Mpangilio wa safari. Nilisema.

#50 AfisaWilaya
Na kisanduku bado hakipo. Nilisema.

#51 KijanaWandegeya
Omba chuo chako barua inayosema wazi kwamba kozi zote nne ni za ngazi ya uzamili na zinaweza kuhesabiwa kwenye shahada yao. Bila hiyo wataangukia kwenye jina tu. Nilisema.

#52 MkiaWaMbuzi
Na herufi kubwa mwalimu, punguza.

#53 WakalaJinja
Ripoti. Jumamosi nilibandika karatasi kibandani: LEO TAJA NAMBA KWA KISWAHILI. Kufikia saa sita mchana, wateja kumi na mmoja walijaribu, watatu wakafika mwisho. Mmoja katika hao watatu alikuwa dereva wa Tanzania. Mama mmoja alihesabu kwa vidole vya Kiingereza huku mdomo ukitoa Kiswahili. Pesa ya mtu mmoja nusura iende kwingine. Nimeibandua.

#54 DerevaMalaba
Mtanzania amefika mwisho. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za uzi.

#55 MwalimuWanale
Wakala, vidole vya Kiingereza?! Hebu eleza. Alianza na kidole gani?

#56 WakalaJinja
Akirudi Jumamosi nitamtazama vizuri.